Mvua ya Saa Tisa Nyumbani kwa Curtis

Jumanne ile chakula cha mchana kilikuwa kuku wa kuoka, maharagwe mabichi na kipande cha mkate wa mahindi, na Ardith Koenig alikula mkate peke yake. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha siku zote mbele ya runinga, katika ukumbi wa magharibi wa makao ya wazee ya Tessler, kusini mwa Indiana, akimsubiri Lonnie Fessel amalize kutabasamu aseme hali ya hewa.

"Kwa eneo letu lote," alisema Lonnie Fessel, akipitisha kiganja juu ya ramani kama mtu anayepangusa meza, "wiki hii ni joto, unyevu mwingi, na mvua za hapa na pale, hasa alasiri. Si kila mtu atakayeipata. Jirani yako anaweza kulowa nawe ukabaki mkavu. Wiki ijayo, vivyo hivyo."

Ukumbini hakuna aliyemsikiliza ila Ardith. Wengine walikuwa wamesinzia, videvu vifuani, migongo imegandana na viti vya plastiki. Ardith aliendesha basi la shule katika wilaya hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi mpaka zikawa nyeupe, na tabia ya kutaka kujua ni barabara ipi itateleza haikumwacha hata baada ya kunyang'anywa leseni.

Kiyoyozi cha upande wa magharibi kilikufa mwanzoni mwa Juni. Upande wa mashariki, uliojengwa juzijuzi, chake kilifanya kazi vizuri, na mlango wa katikati ulifungwa mchana kutwa ili baridi isitoroke. Bwana Hendershot, msimamizi, alipita kila Jumatatu na shati lake kavu akasema kipuri kiko njiani. Kampuni iliyomiliki makao ilikuwa mji mwingine, na kipuri kilitoka mbali zaidi ya huko. Wakati wakisubiri, alileta feni, nazo zikawa zinachukua joto la kona hii na kulipeleka kona ile.

Nje ya madirisha mahindi yalikuwa yamempita mtu kimo na yalitoa jasho usiku na mchana. Hewa ilikuwa nzito. Taulo hazikukauka. Chumvi iligoma kutoka kwenye vichupa vyake, na kurasa za Biblia zilishikana, mtu akifunua Zaburi anaipata na Mithali mgongoni.

Baada ya chakula Ardith alikokota fremu yake ya kutembelea hadi chumbani, alikoishi na Geneva Tolliver. Geneva alikuwa mpishi wa shule. Aliwapikia kwa miaka mingi watoto walewale ambao Ardith aliwabeba, lakini hawakujuana mpaka walipowekwa chumba kimoja, kitanda kwa kitanda. Alikuwa mwanamke mweusi mnene, mwenye maneno, aliyekuwa na jibu la kila kitu na swali la kila jibu. Mchana ule alikuwa amelala ubavu, akiilalamikia feni.

"Hii nayo inanipulizia supu," alisema. "Ardith, mwenzangu, nikifa leo usiwaache wanivishe ile nguo ya kijani."

"Hufi leo."

"Nakuambia tu."

Ardith alivua viatu. Alipoinua kichwa, gauni la Geneva lilikuwa limelala kitandani peke yake, limebonyea mahali pa nyonga, bichi kama lililokamuliwa nusunusu. Juu ya dirisha, kwenye mwanya, ukungu mwembamba ulikuwa unamalizikia kutoka.

Rochelle, mhudumu wa zamu ya mchana, aliingia na jagi la maji. Alikuwa mama wa makamo mwenye mabega ya mtu aliyeinua watu maisha yake yote.

"Bi Geneva ameshaenda?" aliuliza.

"Sasa hivi."

"Haya." Rochelle alilikunjua gauni, akalilaza vizuri, mikono ubavuni. "Wanaenda siku hizi. Mzee Lindqvist ndiye aliyeanza. Wewe, Bi Ardith, kunywa maji."

Ardith alikunywa. Kiasi cha saa kumi na moja alisikia ngurumo upande wa mtoni, na kabla ya chakula cha jioni Geneva aliingia kwa dirishani na upepo, akajaa ndani ya gauni lake taratibu kuanzia miguuni, nywele zikichuruzika. Cha kwanza alichouliza ni kama wamempakulia.

"Ulikuwa wapi?" aliuliza Ardith.

"Kwa Yolanda mwanangu, kule mtoni. Ungeniona, mwenzangu! Nimemwagika kama ndoo. Watoto wametoka na chupi, wanarukaruka matopeni. Yolanda mwenyewe amesimama katikati ya ua kafungua mikono hivi, mdomo wazi, mtu mzima yule." Geneva alijifuta uso kwa shuka. "Nimeingia mpaka kwenye soksi zake."

Ardith alicheka pamoja naye. Kisha akageukia ukutani, kwa sababu alikuwa na mtoto mmoja tu, na hakuwa na hakika kama mtoto huyo angetoka nje.

Curtis aliishi Corliss, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Mara ya mwisho kuja ilikuwa Pasaka, na maua yaliyokuwa bado na karatasi ya dukani. Alipiga simu Jumapili, akizungumza huku anafanya jambo lingine. Ardith alisikia vyombo vinaoshwa, au mpira kwenye runinga, na wakati mwingine sauti ya Curtis ilisogea mbali, akajua amemweka mama yake juu ya kabati akatafuta bisibisi.

Zamu ya Ardith ilifika Alhamisi. Alikuwa amelala chali. Vidole vya miguu vilikuwa vyepesi, kisha vifundo, kisha magoti, ambayo yalimtesa tangu siku za basi, yakaacha kuuma. Hapo ndipo alipojua kwamba anaondoka. Alipanda hadi darini, akakaa hapo kidogo akiutazama mswaki wake kwenye bilauri, halafu akapita kwenye mwanya ambao Rochelle alikuwa ameuacha.

Juu walikuwepo wengine. Mzee Lindqvist alikuwa ameshatanda, akielekea mashariki bila kutazama nyuma. Wote walikwenda kwa upepo, lakini Ardith hakujua kwenda kwa upepo. Alijua kwenda kwa barabara. Alishuka na ya wilaya, akakata kulia kwenye kituo cha mafuta, akafuata njia yake ya zamani kati ya mahindi na soya. Penye kivuko cha reli alisimama, akasikiliza kulia na kushoto, kama sheria inavyomtaka dereva wa basi la shule, na dereva wa lori la nafaka aliyekuwa amesimama hapo chini alipata kivuli, akavua kofia kujipepea. Alizipita nyumba alizokuwa akichukulia watoto. Nyingine zilikuwa zimeezekwa upya. Nyingine hazikuwepo, mahindi yamepandwa juu yake mistari kwa mistari.

Alifika mwisho wa mtaa wa Plum, Corliss, saa tisa kamili. Curtis na mkewe Denise walikuwa uani mbele ya nyumba, wanachoma nyama. Curtis alikuwa na koleo mkononi na kaptura iliyombana.

"Curtis," alisema Denise, "tazama lile wingu."

"Litapita."

"Halipiti. Limesimama."

Ardith alijizuia kadiri alivyoweza. Alitaka amtazame tu. Lakini Curtis aliinama kupuliza makaa, na Ardith akauona upara wake, wa mviringo, mwekundu kwa jua, ambao hakujua kama upo. Akashindwa. Akamwagika wote kwa mara moja.

Walikimbia ndani, Denise na sahani, Curtis na jina la Mungu mdomoni. Ardith aliliangukia paa, akateremka na mabomba ya pembeni hadi kwenye dirisha la jikoni, na hapo, akidondoka tone kwa tone juu ya kizingiti, aliwasikia wakizungumza.

"Wamepiga tena wale wa makao," alisema Denise.

"Wanasemaje?"

"Yale yale. Ama tulete kiyoyozi cha dirishani, ama tumchukue mpaka watengeneze chao."

Kulikuwa na sauti ya uma. Nyama ilikuwa imeiva vya kutosha, walikuwa wanaila.

"Mama hajali joto," alisema Curtis. "Basi lile halikuwa na kiyoyozi, na hakuwahi kusema neno."

"Ndivyo nilivyowaambia."

Mvua ikakatika. Jua lilirudi, lami ikatoa moshi, na Ardith akapanda nao, akarudi kwa barabara ileile. Alipoingia kwenye gauni lake Geneva alikuwa amekaa kitandani anamsubiri.

"Ehe! Alifurahi?"

"Walikuwa wanachoma nyama."

"Basi umewaharibia."

"Nimewaharibia," alisema Ardith, na Geneva akacheka mpaka akakohoa, na Ardith naye akacheka. Habari ya dirisha la jikoni hakumwambia.

Tangu siku hiyo alikwenda kila alasiri. Lonnie Fessel alikawia kidogo kugundua, lakini hakukawia sana. "Joto, unyevu, mvua za hapa na pale," alisema mchana, "na huko Corliss, kama kawaida, mwisho wa mtaa wa Plum, saa tisa." Alilisema kama alivyosema kwamba maji ya mto Wabash yako chini. Wakazi wa mtaa wa Plum wakaacha kuanika nguo alasiri. Majirani wa Curtis walibaki wakavu, ua wao ukawa rangi ya mkate, na wa Curtis ukawa kijani mpaka unatia aibu. Alikata nyasi, kabla hajaosha mashine zimeota tena.

Jumapili alipiga simu.

"Mama, hujambo? Kuna nini huko?"

"Hakuna, mwanangu. Wewe?"

"Mvua imetukalia kooni. Kila siku, saa tisa, paap! Hapa kwetu tu. Denise ameacha kuosha gari."

"Poleni," alisema Ardith. "Labda itapungua."

"Sijui. Yule wa runinga anasema haina dalili." Maji yalikuwa yanamwagika kwenye sinki. "Huko kwenu joto?"

"Kiasi."

"Wewe hujali joto."

Ardith aliitazama feni. Iligeuka ikamwangalia, kisha ikageuka ikamwangalia Geneva.

"Curtis, unakula vizuri?" aliuliza.

"Nakula, Mama. Haya, nitakupigia."

Geneva, ambaye hakuwa na desturi ya kujifanya hasikii, alisubiri simu iwekwe chini.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba ni wewe."

"Akijua, atakuwa anakaa ndani kunikimbia mimi," alisema Ardith. "Sasa hivi anakaa ndani kwa sababu ya mvua."

 

Tatizo likawa kwamba Ardith hakurudi wote. Kila safari sehemu yake ilibaki kwenye nyasi za Curtis. Pete ya ndoa ilianza kumzunguka kidoleni, halafu ikamtoka, Rochelle akaitia kwenye kikombe. Gauni likawa pana. Rochelle akalibana mgongoni kwa pini. Alipomsimamisha kwenda kuoga alimwinua kama mtu anayeinua nguo kutoka kwenye kapu.

"Bi Ardith, punguza kwenda," alisema. "Mimi siwezi kukufungia dirisha, utapikika humu. Lakini punguza."

"Mzee Lindqvist naye aliambiwa?"

Rochelle alichukua taulo. Mzee Lindqvist alikuwa amekwenda mashariki Jumatano moja, na upepo haukugeuka. Watoto wake walikuja kuchukua viatu na redio. Bwana Hendershot aliwapa pole na kuwaambia kipuri kiko njiani, na kitanda kikapata mtu mwingine.

Alhamisi iliyofuata Ardith alikwenda kidogo kidogo. Alitoka kama mvuke wa chai, na alipofika Corliss alikuwa manyunyu tu, ya kutosha kulowesha nywele. Gari la Denise halikuwepo. Curtis alikuwa amekaa barazani na kopo la bia, peke yake, miguu juu ya ukingo. Hakuingia ndani. Alitazama manyunyu kwa muda, kisha akanyoosha mkono nje ya ukingo wa paa, kiganja juu.

Ardith alikijaza.

Curtis aliyatazama maji yale. Akayaleta puani. Yalinuka sabuni ya waridi na viti vya basi vilivyopigwa jua, harufu aliyokuwa ameisahau tangu utotoni, alipokaa kiti cha nyuma ya dereva, akiwa wa kwanza kupanda na wa mwisho kushuka.

"Mama," alisema, kama mtu anayejibu simu.

Ardith alinyesha.

"Nitakuja," alisema Curtis. "Ni kazi tu zimebana. Nitakuja Jumapili, sawa?"

Gari la Denise lilikata kona. Curtis aliyamwaga maji, akapangusa kiganja kwenye suruali, akainuka kwenda kumpokea mifuko.

Ardith hakutoka tena wiki ile. Ilikuwa kazi ngumu, kwa kuwa joto lilikuwa limezidi na vidole vya miguu vilimponyoka asubuhi na mapema. Alijaza majagi matatu ya maji tumboni. Alimwomba Rochelle amfunge vitambaa vya baridi. Mchana alikaa kwenye kiti mbele ya mlango wa katikati, viatu kavua, nyayo kwenye ule uwazi wa chini, ambapo baridi ya upande wa mashariki ilivuja kama uzi. Alisikia wa upande ule wakicheza karata. Mmoja wao alimwomba mwenzake amletee sweta.

Jumapili alivaa blauzi yenye vifungo vya lulu. Curtis hakuja. Alipiga simu jioni akasema Denise kaumwa kichwa, na kwamba mafundi wamemwekea mabomba mapya ya paa, mapana, yanayopeleka maji moja kwa moja mtaroni. "Si kwa ubaya, Mama," alisema. "Ukuta ulikuwa unaoza."

"Ni vizuri," alisema Ardith. "Ukuta ni ghali."

"Jumapili ijayo, kwa hakika."

Kwa hiyo alijizuia wiki nyingine. Ua wa Curtis, kwa mujibu wa Lonnie Fessel aliyeanza kuutaja kwa jina, ulikuwa unaanza kukauka. Jumapili ilipofika, Lonnie Fessel hakutabasamu. Alisema hii itakuwa siku mbaya kuliko zote za kiangazi, wazee wasitoke nje, wakae penye baridi. Ukumbini wazee walimtazama. Kisha wakatazama mlango wa katikati.

Ardith alisubiri mpaka chakula kikaondolewa. Alisubiri na blauzi yake, mikono kwenye mikono ya kiti. Saa nane ikapita. Geneva, ambaye siku hiyo hakwenda kwa kuwa kwa Yolanda kulikuwa na harusi uani na hakutaka kuwaharibia, alimpepea kwa jalada la gazeti.

"Shikilia, mwenzangu. Atakuja."

"Nashikilia," alisema Ardith, na hapohapo blauzi ikaanguka kitini.

Siku hiyo hakutoka kidogo. Alitoka na wiki zote mbili, mzito, mweusi chini, na alipofika kwenye barabara ya wilaya watu waliwasha taa za magari. Alisimama kwenye reli. Alikuwa amevuka tu alipoliona gari la Curtis likija upande wa pili, kutoka Corliss kwenda Tessler, dirisha limefunguliwa nusu, maua kwenye kiti cha abiria.

Basi la shule haligeuki katikati ya barabara. Ardith alijua mahali pa kugeuzia: kwenye ua wa kanisa, mbele kidogo. Alijaribu kufika. Lakini gari lilipita chini yake, na upara ukapita, na hakuweza kujizuia. Alimwagikia gari lote kuanzia boneti hadi buti. Aligonga kwenye kioo kwa nguvu zake zote.

Curtis alipandisha dirisha. Akawasha vipangusio, akapunguza mwendo, akasogeza uso karibu na kioo aone barabara, kisha akatoka upande wa pili wa mvua, kwenye jua, akaongeza mwendo.

Ardith alibaki barabarani na kwenye mahindi ya pande zote mbili. Mahindi yalimnywa. Ilimchukua mpaka machweo kujikusanya, na alipoingia dirishani na kujaa ndani ya blauzi yake, ambayo Rochelle alikuwa ameilaza kitandani, mikono haikufika mwisho wa mikono ya blauzi.

Maua yalikuwa mezani. Ardith aliyaona kabla hajamwona Geneva.

"Alikaa?" aliuliza.

"Alikaa kidogo. Kwenye kiti hicho."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Mama yuko wapi?' Nikamwambia, 'Amekwenda kwako.' Akasema, 'Basi tumepishana.' Akasema amekutana na mvua kubwa karibu na reli." Geneva alijivutia shuka. "Nikamwambia, ndiye huyo. Akaitikia kwa kichwa, akasema, 'Nilidhania.'"

"Hakushangaa."

"Ashangae nini? Alikuwa anatoka jasho, maskini. Shati limemganda. Akamwuliza Rochelle, 'Humu mnakaaje?' Rochelle akamwambia, tangu Juni, na kwamba tuliwapigia simu. Akasema, 'Ndiyo, ndiyo, mlipiga.' Akatazama saa. Akasema anataka kuwahi kabla ya giza, barabara imelowa."

Ardith alikuwa anaviringisha ukingo wa shuka.

"Hakuacha neno?"

Geneva alitazama feni, kisha dirisha. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini haya aliyatoa polepole.

"Amesema nikuambie mbele sasa panatosha, wameweka mabomba. Kama unaweza, unyeshe upande wa nyuma. Kuna nyanya za Denise. Zinakauka."

"Nyanya," alisema Ardith.

"Ndivyo alivyosema. Mimi ningemnyeshea kitandani."

Ardith hakucheka. Aliinuka, akakisogelea kiti alichokalia Curtis. Kilikuwa cha plastiki, na kwenye mgongo wake palikuwa bado na doa la jasho, umbo la mgongo mpana wa mwanamume, kwa sababu upande wa magharibi hakuna kitu kilichokauka. Aliweka kiganja juu ya doa lile. Lilikuwa la uvuguvugu. Aliacha kiganja hapo mpaka Rochelle alipokuja kumpa dawa, na Rochelle akampa dawa akiwa amesimama vilevile.

Jumatatu Bwana Hendershot alipita akasema kipuri kiko njiani. Baada ya chakula Ardith alilala chali, miguu ikawa mepesi, akaenda.

Hakuwa amewahi kufika nyuma ya nyumba ya Curtis. Siku za Krismasi na Pasaka za miaka ya nyuma aliingizwa kwa mlango wa mbele, akakalishwa sebuleni, akatolewa kwa mlango wa mbele. Sasa alizunguka paa na kushuka upande wa pili. Nyanya zilikuwapo, mistari miwili, zimefungwa kwenye vijiti, majani yamejikunja. Mbele yake palikuwa na dirisha la chumba cha wageni. Ndani mlikuwa na kitanda kimoja kilichotandikwa, mto umepigwapigwa vizuri, na mashine ya kufanyia mazoezi iliyoanikwa mashati. Hapakuwa na mtu. Kiyoyozi cha dirishani kilikuwa kinanguruma, kipya, pazia likitikisika kwa baridi yake, na maji yake yalidondoka nje chini ya ukuta, ambako yalikuwa yamechimba kishimo.

Ardith alitazama ndani kwa muda. Kioo kilikuwa na umande.

Kisha akasogea nyuma kidogo ili asikiloweshe kile kioo, akaanza kunyesha juu ya nyanya, taratibu, kwenye mashina, kwa kuwa nyingine zilikuwa zimeiva na mvua kubwa ingezipasua.